Raba za Kukimbilia Zinapokwisha Haraka: Namna ya Kupata Nyingine Zinazolingana Nazo

Katika vikundi vya jogingi vya Mtwara Mjini na Lindi, malalamiko kuhusu raba huwa mawili, na kwa kawaida hutajwa kwa pamoja kana kwamba ni jambo moja. La kwanza ni kwamba raba zilizomkaa mtu vizuri zimekwisha mapema kuliko alivyotarajia. La pili ni kwamba amezunguka Soko Kuu, ameuliza kwa wauza mitumba, ameagiza hata Kariakoo, na hajapata jozi inayomshika mguu kama ile ya zamani. Mambo haya yana sababu tofauti na tiba tofauti. Anayeyachanganya hujikuta akinunua jozi yenye kasoro ileile iliyoimaliza ya kwanza, au akitupa raba ambayo fundi angeitengeneza asubuhi moja. Kwa hiyo inafaa kwanza kujua kiatu kilikufa kwa sababu gani, ndipo kutafuta kinachofanana nacho.

Raba ya kukimbilia ina tabaka tatu, na kila moja huzeeka kwa mwendo wake. Chini kuna mpira unaogusa ardhi, juu kuna kitambaa kinachoushika mguu, na kati yake kuna sponji nene ambayo ndiyo hasa mnunuzi anailipia. Katika raba nyingi sponji hiyo ni plastiki laini iitwayo EVA, iliyojaa vipovu vidogo mno vya hewa. Mguu unapotua, nguvu inayokishukia kiatu hufikia mara 2 hadi 3 ya uzito wa mkimbiaji; vipovu hubonyea, kisha hujirudi. Mtu anayekimbia kwa mwendo wa kawaida hupiga takriban hatua 1,000 katika kilomita moja, yaani 500 kwa kila mguu. Akitoka mjini hadi Mikindani na kurudi, safari ya kama kilomita 20, kila kiatu kimebonyezwa mara 10,000. Baada ya majuma kadhaa ya kazi hiyo kuta za vipovu hukunjika, nyingine hupasuka, na sponji hulala kama godoro lililochoka, ilhali mpira wa chini bado una meno na kitambaa cha juu hakina tundu. Kiatu cha namna hiyo huonekana kizima kwa macho, na mwenye nacho huanza kusikia maumivu ya muundi na magoti bila kukishuku.

Makocha na watengenezaji wengi hutaja kilomita 500 hadi 800 kuwa umri wa kawaida wa sponji ya namna hiyo. Tuchukue 600 tufanye hesabu. Anayekimbia kilomita 10 kwa siku nne za juma anamaliza kilomita 40, na raba zake zinafika ukingoni baada ya majuma 15, muda usiofikia miezi minne. Anayekimbia kilomita 5 kwa siku tatu atazitumia majuma 40. Wote wawili wanaweza kuwa wamenunua jozi ileile siku ileile, na wa kwanza atasema ameuziwa kitu kibovu. Hesabu inazidi kuharibika kwa yule anayevaa raba zake za mazoezi kwenda sokoni, kazini na msibani, kwa sababu kutembea nako hula sponji, ingawa polepole zaidi. Uzito wa mwili nao unahusika: mtu wa kilo 90 anaidai sponji zaidi kuliko mtu wa kilo 60. Kabla ya kusema kwamba raba zimekwisha haraka, ni haki kuhesabu kwanza zimebeba kilomita ngapi, na wengi wetu hatuandiki popote.

Baada ya hesabu hiyo, bado kuna raba ambazo kweli zinakufa kabla ya wakati, na mazingira ya pwani yetu ya kusini yanachangia sana. Joto linatangulia. Gundi inayounganisha sponji na mpira hulainika kwenye joto kali, na EVA yenyewe husinyaa ikipashwa moto. Raba iliyooshwa na kuanikwa juu ya bati saa saba mchana inaweza kupungua namba na kuachia soli kwa wakati mmoja. Mwenye raba huona soli imebanduka akalaumu kiwanda, kumbe bati ndilo lililoibandua. Inatosha kuzianika kivulini mahali penye upepo, baada ya kutoa soli ya ndani na kuzilegeza kamba, na kama zimelowa sana kuzijaza karatasi au vitambaa vikavu vifyonze maji.

Chumvi na mchanga vinafuata. Wanaokimbia ufukweni Shangani, au kando ya bahari pale Lindi, hurudi na raba zilizolowa maji ya chumvi. Chumvi inayobaki kwenye kitambaa huvuta unyevu wa hewa, hivyo raba hazikauki kabisa hata zikikaa siku mbili, na nyuzi na gundi huendelea kuoza taratibu. Kuzisuuza kwa maji baridi ya bomba siku hiyohiyo kunasaidia kuliko sabuni yoyote. Mchanga nao huingia kupitia vitundu vya kitambaa, ukakaa chini ya vidole na pembeni mwa kisigino, na kila hatua ukasaga kutoka ndani. Kitambaa kikitoboka kuanzia ndani kwenda nje, chanzo huwa mara nyingi mchanga huo. Njia za mchanga na vumbi za Tandahimba na Newala zina madhara hayohayo, ila sponji hupata nafuu huko kwa sababu ardhi ni laini. Kwenye lami yenye kokoto zilizojitokeza mambo hugeuka: kitambaa husalimika, na mpira wa chini husagika haraka.

Hapo ndipo kuichunguza jozi iliyokufa kunapokuwa na faida kubwa kuliko kuizungukia sokoni jozi mpya. Iweke mezani, itazame kwa nyuma. Mpira uliolika upande wa nje wa kisigino ni jambo la kawaida kabisa, maana wakimbiaji wengi hutua kwa upande huo, na hakuna cha kurekebisha. Ikiwa kiatu kizima kimelala upande mmoja, sponji imekufa upande huo. Bonyeza sponji pembeni kwa dole gumba: iliyo hai hubonyea na kurudi, iliyokufa huwa ngumu au huacha alama, na mara nyingi ina mikunjo mingi ya mlalo isiyotoweka mguu ukitolewa. Tundu juu ya kidole gumba linasema kiatu kilikuwa kifupi au kifinyu kwa juu, hivyo namba ileile italeta tundu lilelile. Kitambaa cha ndani ya kisigino kikichanika, ama kiatu kilipwaya, ama mwenyewe alizoea kukivaa bila kufungua kamba, akikikanyaga nyuma.

Majibu ya uchunguzi huu ndiyo yanayoonyesha pa kwenda. Soli iliyobanduka huku sponji ikiwa hai ni kazi ya fundi viatu: asafishe gundi ya zamani, apake mpya, abane vizuri, na akishona ashone ukingoni. Kitambaa kilichotoboka kidogo kinashonwa pia. Sponji iliyokufa haina fundi. Soli mpya ya ndani huleta ulaini chini ya unyayo, lakini hairudishi kazi ya sponji ya kati, na kubandika mpira wa tairi chini ya kiatu hukiongezea uzito na ugumu mpaka kinakuwa kiatu cha kazi za shamba. Hicho si kitu kibaya kwa shamba. Kwa kilomita 10 za lami kinaumiza.

Sasa tuseme imethibitika kwamba inahitajika jozi nyingine. Watu wengi hutafuta jina: "Nataka Pegasus kama zile zangu," au "Nataka Kayano." Jina linasaidia kidogo tu. Nike Pegasus ilitoka mara ya kwanza mwaka 1983, na Asics Gel-Kayano mwaka 1993. Majina hayo yapo madukani hadi leo, lakini karibu kila sehemu iliyo chini yake imebadilika mara nyingi. Kampuni hizi hutoa toleo jipya kila baada ya mwaka mmoja au zaidi kidogo, na toleo jipya linaweza kuwa na sponji laini zaidi, kitambaa chembamba zaidi, au umbo jingine la sehemu ya vidole. Mtu anayelinunua kwa jina anaweza kupata kiatu kilicho mbali na chake kuliko kiatu cha kampuni nyingine kabisa. Zinazopaswa kutafutwa ni sifa za kiatu: urefu, upana, kimo cha sponji na ugumu wake, tofauti ya kimo kati ya kisigino na vidole, na uzito.

Urefu ni rahisi kuupata lakini hukosewa kila siku. Namba 42 ya kampuni moja si lazima ilingane na namba 42 ya kampuni nyingine, na kibandiko cha ndani ya ulimi wa kiatu kwa kawaida huonyesha namba za Marekani, Uingereza na Ulaya, pamoja na kipimo cha sentimita. Sentimita ndicho kipimo cha kushika. Simama juu ya karatasi, kisigino kikigusa ukuta, weka alama mbele ya kidole kirefu kuliko vyote, pima. Fanya hivyo jioni, maana mguu huvimba kadiri siku inavyokwenda, na huvimba zaidi ukikimbia kwenye joto letu. Pima miguu yote miwili ufuate ulio mrefu. Ndani ya kiatu, mbele ya kidole kirefu, ibaki nafasi ya upana wa dole gumba.

Upana una matatizo zaidi, kwa sababu wauzaji wengi hawauzungumzii kabisa. Kampuni kadhaa hutengeneza kiatu kimoja kwa upana tofauti na kuuandika kwa herufi. Kwa wanaume D ni upana wa kawaida, 2E ni mpana, 4E ni mpana zaidi, na kwa wanawake B ndio wa kawaida. Tafiti zilizolinganisha miguu ya watu waliozoea kutembea peku na ya waliozoea viatu zimeonyesha kwamba waliozoea kutembea peku wana miguu mipana zaidi kwa mbele. Wengi wetu tuliocheza na kwenda shule bila viatu tumo katika kundi hilo, na raba nyingi hazikuchorwa kwa kutufikiria sisi. Mtu mwenye mguu mpana huishia kununua namba kubwa zaidi ili apate nafasi pembeni, kiatu kikapwaya kisigino, kitambaa cha nyuma kikachanika, na jozi ikahesabiwa kuwa imekwisha haraka. Kama kwenye raba zako za zamani kitambaa kilipasuka kando ya kidole kidogo, tafuta upana kwanza.

Tofauti ya kimo kati ya kisigino na vidole hupimwa kwa milimita. Raba nyingi za kawaida zina tofauti ya kama milimita 8 hadi 12, nyingine zina 4 hadi 6, na zipo zisizo na tofauti yoyote. Kisigino kikiwa chini kuliko ulivyozoea, misuli ya nyuma ya mguu na kano ya kisigino hubeba mzigo zaidi. Anayetoka kwenye raba za milimita 10 akahamia za milimita 4 kwa siku moja, kisha akakimbia umbali wake uleule, anajitafutia maumivu ya kano yanayochukua miezi kupona. Kipimo hiki hakiandikwi kwenye kibandiko, lakini kwa jina la toleo na namba yake kinapatikana haraka kwenye intaneti. Sokoni, linganisha kwa macho: weka kiatu chako cha zamani kando ya kipya, utazame unene wa soli kisiginoni na chini ya vidole.

Wapo watakaokuambia uchague raba kwa kutazama alama ya unyayo wako uliolowa maji, kwamba mwenye unyayo bapa anunue aina fulani na mwenye unyayo uliopinda anunue nyingine. Ushauri huu umesambaa sana, na ulipimwa kwa uzito. Jeshi la nchi kavu, jeshi la anga na kikosi cha wanamaji cha Marekani viliwagawia askari wapya raba kwa kufuata umbo la unyayo, huku kundi jingine likipewa aina moja bila kujali umbo, na majeraha hayakupungua kwa waliochaguliwa raba. Benno Nigg wa Chuo Kikuu cha Calgary, Kanada, ambaye ametafiti viatu kwa miongo mingi, anasisitiza kwamba mkimbiaji afuate raha anayoisikia mguuni. Nakubaliana naye, kwa sharti kwamba raha hiyo ipimwe kwa kukimbia, maana kusimama tu juu ya boksi la muuzaji hakuonyeshi mengi.

Kisa cha Abebe Bikila kinaonyesha uzito wa jambo hili. Mwethiopia huyo alinunua raba mpya mjini Roma kabla ya mbio ndefu za Olimpiki za mwaka 1960, zikambana na kumtoa malengelenge, naye akaamua kukimbia peku. Alishinda kwa kuweka rekodi ya dunia. Mwaka 1964 alishinda tena Tokyo, safari hiyo akiwa na viatu. Bingwa kama yeye aliona heri kukosa viatu kuliko kuvaa vipya visivyomfaa, na alikuwa amezoea kukimbia peku, jambo ambalo wengi wa wanaokimbia leo kwenye lami hawalimudu.

Kuhusu mahali pa kununua, mkoani kwetu njia kubwa ni tatu: maduka ya mjini, kuagiza Kariakoo na kuletewa kwa basi, na mitumba. Maduka mengi huuza raba za kuvaa tu, zenye majina makubwa pembeni na sponji nyepesi isiyo na uhai. Bonyeza na ukunje kiatu kabla ya kusoma jina. Anayeagiza Dar es Salaam amtumie muuzaji picha ya kibandiko cha kiatu chake cha zamani, ataje sentimita, aombe picha ya kibandiko na ya soli ya jozi anayouziwa, na wakubaliane mapema nani atalipa nauli ya basi ikirudishwa. Kwenye raba halisi, namba ya utambulisho wa toleo iliyo ndani ya ulimi hufanana na ya kwenye boksi. Zisipofanana, au kibandiko kisipokuwepo, acha.

Mitumba inastahili maneno mengi zaidi, kwa kuwa ndiko raba nzuri kweli za kukimbilia zinakopatikana kwa bei inayowezekana, na ndiko mtu anakoweza kupoteza fedha zake bila kujua. Raba ya mtumba ina umri wa aina mbili: kilomita ilizokimbiwa na miaka iliyopita tangu itengenezwe. Kilomita husomeka kwenye mpira wa chini na mikunjo ya sponji. Miaka ni ya hatari zaidi. Soli zilizotengenezwa kwa poliyurethani huvunjwavunjwa na unyevu wa hewa hata zikiwa kabatini. Kiatu huonekana kipya, kisha baada ya majuma machache hewa yetu nzito humalizia kazi na soli kumeguka vipande. Ikunje soli kwa nguvu utazame nyufa, iguse kama inanata, tafuta unga unaodondoka. Vibandiko vya baadhi ya kampuni vina tarehe ya kutengenezwa, isome. Usivutwe na weupe, maana soli husuguliwa na hata kupakwa rangi ili ing'ae, na raba iliyofuliwa kwa mashine na kukaushwa kwa joto huwa imedhoofika gundi.

Kisha mtazame mwenye kiatu wa kwanza, ambaye alama zake zimo humo. Kama alikuwa analalia upande wa ndani, sponji imelala upande huo na itakulaza na wewe. Weka jozi juu ya ubao ulionyooka, ulinganishe kulia na kushoto. Vaa zote mbili, kwa soksi unazokimbilia, ukimbie hatua kadhaa. Muuzaji atasema, "Kaka, hii gredi A, haijavaliwa hii," nawe umjibu kwa heshima kwamba unaomba ukimbie nayo hadi pale kwenye kona. Mwenye biashara ya kweli hakatai.

Bei ipimwe kwa kilomita. Kwa mfano, raba ya shilingi 40,000 inayokufa baada ya kilomita 200 imegharimu shilingi 200 kwa kilomita. Ya shilingi 110,000 inayofika kilomita 650 imegharimu kama shilingi 170. Si kila mtu ana shilingi 110,000 kwa mkupuo, na hapo msimu wa korosho una nafasi yake: fedha zinapoingia kuanzia Oktoba, wafanyabiashara nao huleta bidhaa nyingi zaidi, na anayeweza kununua jozi mbili zinazomfaa afanye hivyo. Utafiti wa Luxembourg uliochapishwa mwaka 2015, uliowafuatilia wakimbiaji 264 kwa majuma 22, ulikuta waliokuwa wakibadilisha jozi walikuwa na hatari ya kuumia iliyo chini kwa asilimia 39 kuliko waliotumia moja. Kupokezana jozi pia huzipa muda wa kukauka kabisa, jambo kubwa kwetu wakati wa masika.

Kuhama kutoka jozi ya zamani kwenda mpya kufanywe wakati ya zamani bado ina uhai. Anza kutafuta ikifika kilomita 400, kwa sababu kuipata inayofaa mitumbani kunaweza kuchukua majuma. Ukiipata, ikimbie kilomita 3 au 4 mara mbili kwa juma, siku nyingine uendelee na ya zamani, na safari ndefu uziachie mwisho. Ikikubana siku ya kwanza hata kidogo, irudishe ingali safi; kiatu kinachobana sokoni hakiachi kubana barabarani. Ikikufaa, piga picha ya kibandiko chake kabla jasho halijakifuta, na uandike kwa kalamu ya wino usiofutika, chini ya soli ya ndani, tarehe uliyoanza kuivaa.